Maradhi Si Hukumu: Suali la Ndugu wa Kisian

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad S.A.W., na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baad:

Alitujia katika darsa ya baada ya Isha ndugu mmoja aliyezaliwa mji wetu huu, lakini riziki yake imemweka Kisian, katika ufuo wa Ziwa Viktoria. Wasomaji wetu wengi hawaijui Kisian. Ni mahali palipo kama kilomita 10 kutoka Kisumu, pale njia iendayo Busia inapoachana na njia ya Bondo. Hapo pana majengo makubwa ya KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya serikali ya Kenya iliyoundwa mwaka 1979, ambamo wataalamu wanachungua malaria, ukimwi na kifua kikuu. Ndugu yetu huyu apita mbele ya lango hilo kila siku akienda dukani kwake. Na ilhali elimu i karibu naye kiasi hicho, nyumbani kwake ujinga uliingia ukakaa mwaka mzima.

Kisa chake ni hiki. Mdogo wake, kijana mwenye mke na watoto wawili, alishikwa na maumivu ya mgongo. Wakasema ni baridi yabisi. Akakandwa kwa mafuta, akapigwa chuku, akanyweshwa makombe. Maumivu hayakwisha; yakaongezeka jasho la usiku na kukonda. Mtu akasema ametupiwa jini, na fedha zikatoka. Hata mgongo ulipotoka nundu na miguu ikaanza kuwa mizito, ndipo alipochukuliwa hospitali. Madaktari wakampiga picha, wakamtoa usaha wakaupima, wakasema: ni kifua kikuu kilichoingia katika uti wa mgongo. Wakampima damu vile vile, wakaona ana virusi vinavyodhoofisha kinga ya mwili. Akaandikiwa dawa za miezi 12 kwa maradhi ya mgongo, na dawa za virusi za maisha.

Khabari zikavuja, wazee wakakutana. Mmoja akasema hii ni adhabu, na aliyeadhibiwa na Mungu hapaswi kusaidiwa na mja. Wa pili akasema kumeza vidonge mwaka mzima ni kupungukiwa na tawakkul. Wa tatu akasema jambo lifichwe, hata mkewe asijue, kwani aibu ya mmoja ni aibu ya ukoo. Ndugu yetu akatuuliza: katika watatu hawa, yupi mwenye haki?

Twajibu, na kwa Mungu ndiko kwenye tawfiq: katika watatu hao hapana hata mmoja. Lakini kusema hivyo tu hakutoshi. Yatupasa kwanza tuyajue maradhi yenyewe, kwani mwenye kuhukumu asilolijua amedhulumu hata akipata sawa.

Kifua kikuu huletwa na vijidudu vilivyogunduliwa na tabibu wa Kijerumani, Robert Koch, mwaka 1882. Mtu huyo hakuwa mgeni wa ziwa hilo. Katika mwaka 1906 na 1907 alikaa visiwa vya Sese, upande wa Uganda, akichungua maradhi ya malale. Vijidudu hivi husafiri kwa pumzi: mwenye kifua kikuu cha mapafu akikohoa, wa karibu naye huvivuta. Wataalamu wakadiria kwamba kama robo ya wanaadamu wote wanavyo miilini mwao. Lakini katika watu kumi wenye navyo, tisa au zaidi hawaugui maisha yao yote, kwa kuwa kinga ya mwili huvizingira kama askari wanaozingira wezi ndani ya nyumba. Wezi hawakufa, wamefungiwa tu.

Askari wakichoka, wezi hutoka. Hapo pengine hawabaki mapafuni, bali huchukuliwa na damu mpaka katika mifupa; na katika mifupa yote, wapendao zaidi ni uti wa mgongo. Huanza upande wa mbele wa pingili na kuila kidogo kidogo. Pingili ikilika mbele na nyuma ikabaki nzima, huporomoka kwa mbele, na mgongo ukapinda ukatoa kile tukiitacho kibyongo. Usaha hukusanyika pasipo joto wala wekundu, na pengine huteremka ukatokea kinenani, mtu akadhani ni jipu la kawaida. Ukiubana uti wenyewe, miguu hufa ganzi, kisha hupooza, na mkojo ukatoka bila ya khiari. Yote haya huja polepole, kwa miezi. Maumivu hutangulia, nundu hufuata, na kupooza huja mwisho. Basi Mwenyezi Mungu amempa mja wake muda wa kutahadhari. Anayeupoteza muda huo ni mja mwenyewe, au walio kando yake.

Wala si maradhi mapya. Yameonekana katika mifupa ya maiti waliohifadhiwa Misri ya kale, maelfu ya miaka kabla ya kusikiwa neno ukimwi. Percivall Pott, tabibu wa London, aliyaeleza katika kitabu chake cha mwaka 1779, na kwa jina lake yaitwa mpaka leo na madaktari. Basi anayeona mgongo uliopinda akanong'ona kuwa fulani ana ukimwi, amesema asilolijua.

Sasa, ni nini kinachowachosha askari? Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Mlango mmoja ni virusi vya ukimwi, na huo ni mkubwa. Mwenye vijidudu vya kifua kikuu, akiwa na virusi hivyo pasi na dawa, khatari anayoikabili kwa mwaka mmoja yaweza kufikia ile ambayo mwingine huikabili kwa maisha yake yote. Ndiyo sababu Kenya, ambayo mwaka 1990 iliandikisha wagonjwa wa kifua kikuu kama 12,000, ilipofika mwaka 2007 iliandikisha zaidi ya 100,000. Na pwani ya ziwa, Kisumu na Siaya na Homa Bay, ndiyo iliyobeba mzigo mzito kuliko wote.

Lakini milango mingine iko, na baadhi yake iko wazi majumbani mwetu. Kisukari huongeza khatari ya kifua kikuu mara mbili au tatu. Na nani katika sisi watu wa miji ya pwani, wapenda halua na chai ya sukari nyingi, asiye na jamaa mwenye kisukari? Njaa na utapiamlo ni mlango. Uzee ni mlango. Maradhi ya figo ni mlango. Dawa zitumiwazo muda mrefu kwa pumu na maumivu ya viungo, zile zinazotuliza kinga ya mwili, ni mlango. Tumbaku na ulevi ni milango. Mwizi ni mmoja, milango ni mingi. Na anayemwona mwizi ndani hajui kwa hakika ameingilia wapi.

Tukisha kuyajua haya, twende kwa wazee wetu watatu.

Ama yule aliyesema ni adhabu, twamuuliza: umejuaje? Labda atasema: virusi hivi vyajulikana vinavyoenea. Twamjibu: naam, vyajulikana, na kwa kuwa vyajulikana ndiyo maana huwezi kuhukumu. Vyampata mzinzi, na vyampata mke mwema aliyelala katika kitanda cha halali. Vyampata mtoto tumboni na kwa maziwa ya mama yake. Vimempata aliyetiwa damu hospitali, na aliyechanjwa chale kwa wembe mmoja na watu kumi. Sababu moja yaweza kuwa na dhambi, lakini kutoka maradhi kurudi nyuma mpaka dhambi hakuna njia iliyonyooka. Nyumba ikiungua huenda mwenyewe alilala na sigara mkononi. Lakini moto huo huo huiunguza na ya jirani aliyekuwa akisali. Anayetazama majivu peke yake hawezi kujua yupi ni yupi.

Na lau maradhi yangekuwa mizani ya dhambi, tungesema nini juu ya Nabii Ayyub, amani imshukie, aliyepewa mtihani katika mwili wake hali ya kuwa ni mteule wa Mola wake? Na tungesema nini juu ya madhalimu wenye afya, wanaotembea mbele yetu na migongo iliyonyooka kama minazi?

Wajaluo wana neno chira, kukonda kunakosemwa kunampata aliyevunja miiko ya wakubwa. Na Wagiriama wa pwani yetu wana neno chirwa, karibu sawa kwa maana na kwa sauti, ambalo humtwika mtoto mgonjwa makosa ya wazazi wake. Sisi huwasema wenzetu kwa mambo hayo, twaita ushirikina. Lakini tunapomtazama mgonjwa tukasema ana lake alilolifanya, tumeingia katika chira ile ile, ila tumeivisha kanzu na kilemba.

Tena tukadirie, kwa ajili ya hoja tu, kwamba mtu kweli alikosa. Je, haki yake ya kutazamwa imeanguka? Mashua ikizama katika ghuba ya Kisumu, mvuvi mwenye ngalawa hamuulizi anayezama alikwenda wapi na kwa idhini ya nani. Humtoa kwanza. Toba ni baina yake na Mola wake, nayo yahitaji umri. Na anayemnyima mkosaji matibabu amemnyima na siku za kutubu.

Ama yule wa pili, mwenye kusema dawa ni upungufu wa tawakkul, jawabu yake imekwisha kupita katika zama za sahaba. Sayyidna Umar, r.a., alipokuwa njiani kwenda Sham zama za tauni ya Amwas, kama mwaka 639, akasikia maradhi yameenea huko, alishauriana na watu wake, kisha akaazimia kurejea. Abu Ubayda, r.a., akaona hilo kama kukimbia kadari. Umar akamfahamisha kuwa hata huko kurejea nako ni katika kadari, akampigia mfano wa mchungaji mbele ya mabonde mawili, moja lina malisho na moja ni kavu: popote alishapo ni kwa kadari, lakini mwenye akili huchagua lenye majani. Na Mtume S.A.W. mwenyewe aliwaamrisha watu wajitibu, akawafahamisha kuwa Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameteremsha na dawa yake. Basi dawa ni bonde lenye majani.

Hatusemi watu wasisomewe. Dua ni ibada, na moyo wa mgonjwa wahitaji tulizo kama mwili wake unavyohitaji kidonge. Tunalolikataza ni dua kufanywa kisingizio cha kuchelewa. Na hapa yatulazimu tuseme jambo ambalo tungependa kulinyamaza.

Miaka mingi iliyopita, tungali vijana katika kazi hii, tuliitwa kumsomea mtoto wa kike wa mtaa wetu, wa umri kama miaka tisa. Mgongo wake ulikuwa umetoka nundu, na usiku akilia. Tukasoma, tukaandika kombe kwa zafarani, tukamwambia mama yake asubiri. Hatukuchukua hata senti moja, na kwa hilo tukajiona wema. Hatukumkataza hospitali. Hatukuitaja tu. Mama yule alituamini, akasubiri miezi minane, na siku alipokwenda kwa tabibu miguu ya mtoto ilikuwa imekwisha kufa. Ugonjwa ukapona kwa dawa, miguu haikurudi. Leo ni mwanamke mzima, hupita mbele ya msikiti wetu katika kigari chake, hututolea salamu kwa adabu, nasi tukiitikia twakumbuka. Tulijifunza siku ile kwamba kunyamaza kwa mtu anayeaminiwa ni fatwa. Kombe halikumdhuru mtoto yule. Kilichomdhuru ni miezi minane. Twamwomba Mungu atusamehe, na twawaomba walimu wenzetu wasingoje kujifunza kwa miguu ya mtoto wa mtu.

Na dawa zenyewe, mdogo wake ndugu yetu asizichoke. Miezi 2 ya mwanzo ni dawa nne pamoja, na 10 iliyobaki ni mbili. Hutolewa bure katika hospitali za serikali ya Kenya. Mkojo ukigeuka rangi ya chungwa asitishike. Ni rangi ya dawa moja, haina madhara. Macho yakififia, au yakigeuka manjano, arudi hospitali siku ile ile. Pengine akianza dawa za virusi, baada ya wiki chache homa itarudi na uvimbe utazidi. Wengi hapo husema dawa zimemshinda, wakaziacha. Mara nyingi ni askari wake walioamka usingizini wakaanza vita. Basi aende kwa daktari wake, wala asiziache kwa rai yake. Kuacha katikati ni kuwafundisha wezi kuvunja kufuli: vijidudu huizoea dawa, na tiba ya pili huwa ndefu na ngumu kuliko ya kwanza.

Wala asidhani lazima alazwe mwaka mzima. Zamani wagonjwa wa mgongo walilazwa miezi na miezi, wakavishwa plasta kifua kizima. Uchunguzi ulioanzwa Korea katika miaka ya 1960 uliwalinganisha waliolazwa au kuvishwa plasta na waliokwenda na kurudi nyumbani kwao, wote wakimeza dawa barabara. Ikaonekana walipona sawasawa. Wachache tu wahitaji kupasuliwa, hasa ambao uti wao umebanwa au mgongo umepinda sana. Na Ramadhani ikifika, mgonjwa ana rukhsa iliyotajwa wazi katika Kitabu. Akitaka kufunga, amuulize daktari kwanza, na asifunge siku hata moja kwa kuviacha vidonge. Anayejidhuru ili aonekane amefunga, amewafungia watu, hakumfungia Mungu.

Ama mzee wa tatu, mwenye kuficha, hoja yake ndiyo ngumu, kwani kusitiri ni katika tabia njema na kutangaza aibu za watu ni haramu. Sisi twasema: siri ya maradhi ni mali ya mgonjwa. Lakini mali yaweza kuwa na haki ya mtu mwingine ndani yake. Mwenye haki ya kwanza ni mkewe, kwa jambo la virusi. Kumficha mke ni kuchukua uhai wake bila ya idhini yake, na ndoa ni amana kabla ya kuwa starehe. Akijua, atapimwa, akiwa mzima atalindwa, na akiwa anavyo atapata dawa mapema, naye na watoto wataishi. Mwenye haki ya pili ni daktari. Wa tatu ni watu wa nyumba, kwa jambo la kifua: kifua kikuu cha mgongo peke yake hakimwambukizi mtu, lakini yawezekana mapafu nayo yamo, basi yapimwe. Yakiwa yamo, madirisha yafunguliwe, wote wapimwe, na watoto wadogo wapewe dawa ya kinga. Akisha kumeza dawa zake barabara, kwa kawaida baada ya kama wiki mbili khatari ya kuambukiza hupungua sana.

Baada ya hao, hapana mwingine mwenye haki. Si baraza, si jirani, si wazee waliokutana. Anayekwenda kumzuru mgonjwa kisha akaanza kuchungua amepata nini na wapi, ameingia kwa thawabu akatoka na dhambi. Sunna ya kuzuru ni dua, maneno mafupi, na kama mkono una kitu, kitu.

Na tazameni, ndugu zetu, jinsi makosa haya matatu yanavyolishana. Tunahukumu, basi mgonjwa huona haya. Huona haya, basi hujificha. Akijificha hukimbilia kwa wa siri, naye humpa hirizi. Miezi hupita, mfupa unalika, na anapopooza twasema: mwaona, adhabu imethibiti! Adhabu hiyo tumeitengeneza sisi, kisha tukamsingizia Mungu.

Huenda mtu atasema: maneno haya yanawapunguzia watu khofu ya zinaa. Twasema: la. Zinaa ni haramu kwa kuwa Mungu ameiharimisha, ingawa asiugue mtu hata mmoja. Na anayeiacha kwa kuogopa ugonjwa tu, siku ugonjwa utakapopatiwa dawa atairudia. Hatukutumwa kuilinda dini kwa migongo ya wagonjwa.

Basi twamuusia ndugu yetu wa Kisian: mrudie mdogo wako, mwambie kuwa hukuhukumu. Simamia vidonge vyake kama unavyosimamia hesabu ya duka. Mpeleke mkewe akapimwe, wewe ukiwa kando, pasi na kelele. Na ikiwa miguu yake bado yasikia, mshukuru Mungu, kwani wengi miguu yao hupata nguvu tena tiba ikishikwa mapema.

Na sisi tuliobaki pwani tusijione tuko mbali. Mombasa nayo ni katika miji yenye kifua kikuu kingi. Kikohozi kikipita wiki mbili, mgongo ukiuma usikome na mtu akakonda na kutoka jasho usiku, hasa mwenye kisukari au kinga dhaifu, aende hospitali kabla ya kwenda kwa yeyote, sisi tukiwa miongoni mwao. Dawa ni bure, lakini nauli si bure, chakula si bure, na picha kubwa za mgongo bei yake ni ghali. Wazee wa zamani walijua njia ya jambo hili: hospitali ya Nur al-Din pale Damascus, iliyojengwa mwaka 1154, ilihudumiwa kwa mapato ya waqfu. Sisi waqfu zetu twazitia katika rangi za kuta na mazulia. Tumeazimia katika darsa yetu kwamba sanduku la Ijumaa ya mwisho ya kila mwezi litakuwa la nauli za wagonjwa, na anayepewa hataulizwa ugonjwa wake ni upi. Anayetaka kuingia pamoja nasi, mlango uko wazi.

Wabillahi tawfiq, wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.